Uuguzi na ubaguzi visilazwe wodi moja

Mapema mwaka 2022, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alilitangazia taifa habari iliyowaacha wengi vinywa wazi. Kati ya wauguzi 300 waliofanyiwa mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, ni 10 tu waliofaulu. Gumzo lilitanda nchini kote. Katika chumba cha wahadhiri ninamokunywa chai, utani haukuisha kwa muda wa wiki nzima. Wenzangu wa idara nyingine walinijia mmoja mmoja, utadhani mimi ndiye niliyewaangusha wauguzi hao. "Daktari," waliniuliza, "nyinyi watu wa isimu mna kazi gani, ikiwa Kiingereza tunachofunzwa tangu darasa la kwanza kinatushinda?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa akijiandaa kuufanya mtihani wa aina hiyo hiyo. Alikuwa na stashahada ya uuguzi na tajriba ya miaka sita katika hospitali ya kaunti. Kila Jumamosi alifika nyumbani kwangu pamoja na wenzake wawili, tukaketi mezani na kusikiliza rekodi za Waingereza wa kila namna: wa London, wa Liverpool, wa Uskoti. Niliwafunza kuziandika insha zao kwa mpangilio. Niliwafunza kuyatambua maneno yanayomezwa na msemaji mwenye haraka. Kwa upande wa kuzungumza na kusikiliza, alama iliyotakiwa ilikuwa saba kwa tisa. Mpwa wangu aliipata, akafunga virago vyake, akapanda ndege.

Leo, msomaji mpendwa, sitaki kuzungumzia yale niliyomfunza. Nataka kuzungumzia lile ambalo sikumfunza. Nilimwandaa kumsikia Mwingereza. Sikumwandaa kwa siku ambayo Mwingereza hatataka kumsikia yeye.

Sitamtaja kwa jina, wala sitaitaja hospitali yake, kwa kuwa angali kazini. Katika mwezi wake wa nane kule, mzee mmoja aliyelazwa katika wodi yake alikataa katakata kuguswa naye. Alisema anataka muuguzi Mwingereza. Msimamizi wa wodi, mama mpole kwa kila hali, alimhamisha mpwa wangu upande wa pili wa wodi "ili kuleta amani". Jambo hilo lilitokea tena, na tena. Kila mara mgonjwa alipokataa, aliyehamishwa ni yule aliyekataliwa. Hakuna aliyemwambia mgonjwa neno.

Kisha likaja la simu. Aliambiwa kwamba watu wa duka la dawa na madaktari wa zamu ya usiku "hawamwelewi vizuri" anapozungumza. Akawekwa chini ya uangalizi: kwa wiki kadhaa kazi yake ikawa inakaguliwa na kuandikwa. Jina lake likaondolewa katika orodha ya waliokuwa waende mafunzo ya juu. Usiku mmoja aliniandikia ujumbe ambao sijaufuta hadi leo: "Mjomba, nilipata alama saba katika kuzungumza. Zimepotelea wapi?"

Hapa ndipo ninapopaswa kuungama. Nilimjibu kama mjomba yeyote wa Kikenya ambavyo angejibu. Nilimwambia avumilie, kwani mvumilivu hula mbivu. Nilimkumbusha kwamba ada ya wadogo zake inamtegemea yeye. Nilimkumbusha pia kuhusu viza yake, ambayo imefungamanishwa na mwajiri aliyemdhamini. Mfanyakazi wa aina hiyo akiachishwa kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 kumpata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Na kama kwamba hayo hayakutosha, mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilimtumia mazoezi ya matamshi. Nilimwambia azirekebishe irabu zake.

Aibu ya jibu hilo inatokana na jambo moja: nilikuwa nikijua ukweli. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kuhusu jaribio la Donald Rubin, mtafiti wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1992. Rubin aliwachezea wanafunzi wa chuo kikuu mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani mzawa. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu kuwa ndiye msemaji, na kundi jingine likaonyeshwa picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ile ile, maneno yale yale. Hata hivyo, waliouona uso wa Kiasia walidai kusikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na hata waliyakumbuka machache zaidi katika yale yaliyosemwa. Naam, macho yaliyaziba masikio.

Funzo la jaribio hilo ni kwamba kueleweka si mzigo wa msemaji peke yake. Mazungumzo ni kazi ya watu wawili, na msikilizaji naye ana wajibu wake. Akiamua mapema kwamba hataelewa, hakuna irabu itakayomponya. Hilo nililijua darasani, nikalisahau mpwa wangu aliponililia.

Aliyemsaidia si mimi. Ni chama cha wauguzi.

Muuguzi mwenzake kutoka Ufilipino alimpeleka kwa mwakilishi wa chama hospitalini hapo. Alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Jamaika, aliyezaliwa huko huko Uingereza na kufanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 30. Mama huyo hakumwambia avumilie, wala hakumwambia apigane. Alimpa daftari. Alimwambia aandike kila tukio: tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na waliokuwapo. Kisha akamuuliza maswali ambayo mwanaisimu kama mimi ndiye niliyestahili kuyauliza. Ni nani hasa hakukuelewa? Siku gani? Neno gani?

Walipoitwa kikaoni, mwakilishi aliketi ubavuni mwake. Mpwa wangu ananiambia kwamba mama huyo hakusema mengi. Alimwacha mwenye jambo alisimulie mwenyewe, kwa Kiingereza chake, kutoka katika daftari lake. Alipomaliza, mwakilishi aliomba aonyeshwe dawa moja iliyokosewa, au ujumbe mmoja uliopotea, au mgonjwa mmoja aliyedhurika kwa sababu ya matamshi ya muuguzi huyu. Haukupatikana mfano hata mmoja. Uangalizi ukafutwa.

Si kila jambo lilikwenda sawa. Nafasi ya mafunzo ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kupotea, na hakuna aliyemwomba radhi. Lakini baada ya kikao hicho wauguzi wengine watatu, wawili kutoka India na mmoja kutoka Ufilipino, walijitokeza na madaftari yao. Chama kikayakusanya mambo hayo na kuyapeleka kwa wakuu wa hospitali kama suala moja. Matokeo yake ni utaratibu mpya: mgonjwa akimkataa muuguzi kwa sababu ya rangi yake, msimamizi humwendea mgonjwa kwanza na kumweleza kwamba hilo halikubaliki. Muuguzi ndiye anayeulizwa kama angependa kubaki au kuhama.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja tu, sauti, kwa vitu viwili. Sauti ni ule mvumo unaotoka kooni. Sauti vilevile ni haki ya mtu kusema na maneno yake yakatiliwa maanani. Ile ya kwanza kila mmoja wetu amezaliwa nayo. Ya pili haipatikani peke yako. Huipati mpaka wawepo watu walio tayari kusimama karibu nawe unaposema. Kazi ya chama cha wafanyakazi, kwa maoni yangu, ni kuigeuza ile ya kwanza kuwa ya pili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yamkini kuna msomaji atakayedhani kwamba yaliyompata mpwa wangu ni bahati mbaya ya wodi moja. La hasha. Ubaguzi huu una historia ndefu kuliko umri wake, na una takwimu.

Huduma ya Kitaifa ya Afya ya Uingereza, ijulikanayo kwa kifupi NHS, ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, meli Empire Windrush ilikuwa imetia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya abiria kutoka visiwa vya Karibi. Tangu siku hizo za mwanzo huduma hiyo imekuwa ikitegemea mikono ya watu kutoka makoloni. Wasichana wengi kutoka Karibi, na baadaye kutoka Afrika, walikwenda kusomea uuguzi huko. Wengi wao walielekezwa katika kozi ya miaka miwili ya daraja la pili badala ya ile ya miaka mitatu iliyomfanya mtu kuwa muuguzi kamili aliyesajiliwa. Baadhi yao hawakuambiwa tofauti ya kozi hizo mbili mpaka walipokwisha kuhitimu. Daraja hilo la pili lilikuwa na mshahara mdogo, lilifunga njia ya kupanda cheo, na katika nchi nyingi walikotoka halikutambuliwa kabisa. Mtu alitumikia wodi moja maisha yake yote, akastaafu akiwaita wakubwa wasichana aliowafunza kazi.

Hata chama kikubwa kuliko vyote vya wauguzi nchini humo, Royal College of Nursing, hakikuanza kikiwa na milango wazi. Kiliasisiwa mwaka 1916, na kwa miongo mingi kilikuwa cha wauguzi waliosajiliwa pekee. Wanaume hawakukubaliwa hadi mwaka 1960. Nalitaja hili ili tusije tukadhani kwamba vyama huzaliwa vikiwa vitakatifu. Hubadilika kwa sababu wanachama wake huvilazimisha kubadilika.

Janga la korona liliyafichua mambo yaliyokuwa yamefunikwa. Mnamo Aprili 2020, uchunguzi wa vifo vya mwanzo vya wafanyakazi wa NHS ulionyesha kwamba kati ya wauguzi na wakunga waliokufa, asilimia 71 walikuwa weusi, Waasia na watu wa jamii nyingine zisizo za Kizungu, ilhali katika kada hiyo jamii hizo zilikuwa takriban asilimia 20 tu. Mwezi uliofuata, Royal College of Nursing iliwauliza wanachama wake waliohudumu katika sehemu za hatari kubwa kama wana vifaa vya kutosha vya kukinga macho na uso. Waingereza weupe waliosema ndiyo walikuwa asilimia 66. Miongoni mwa wasiokuwa Wazungu, ni asilimia 43 tu waliosema hivyo. Hebu fikiri, msomaji, maana ya pengo hilo. Anayeogopa kusema huwa wa mwisho kupewa barakoa.

Mwaka 2022 chama hicho kiliwauliza wanachama wake kuhusu kupandishwa vyeo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 35 hadi 44, asilimia 66 ya weupe walikuwa wamewahi kupandishwa cheo. Kwa weusi ilikuwa asilimia 35. Hawa ni watu walio katika kilele cha nguvu zao, wenye vyeti na tajriba.

Pamoja na hayo, hatuna budi kukiri kwamba yapo mabadiliko. Tangu mwaka 2015, hospitali za NHS za England zimetakiwa kutoa hesabu kila mwaka kuhusu usawa wa rangi miongoni mwa wafanyakazi wake: ni nani anayeajiriwa, ni nani anayefunguliwa mashtaka ya nidhamu, ni nani anayenyanyaswa na ni nani anayeketi katika bodi. Mwaka 2016, mfanyakazi asiyekuwa Mzungu alikuwa na uwezekano mara 1.56 zaidi ya Mzungu wa kuingizwa katika kesi ya nidhamu. Kufikia mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi mara 1.14. Kilishuka kwa sababu kilianza kuhesabiwa, na waliohesabiwa wakauliza maswali. Lakini mwaka huo huo wa 2022, Mzungu aliyefika katika hatua ya mahojiano bado alikuwa na nafasi zaidi ya mara moja na nusu ya kuajiriwa kuliko asiyekuwa Mzungu. Kidonda kimepungua, hakijapona.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, mahakama ya kazi mjini Manchester iliamua kwamba Bi Michelle Cox, muuguzi mweusi wa cheo cha juu, alibaguliwa kwa rangi yake na mwajiri wake, NHS England. Miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa ni kwamba mkubwa wake alipanga mikutano ya kikundi katika siku ambazo alijua Bi Cox hangeweza kuhudhuria. Aliyesimama naye kisheria ni Royal College of Nursing. Natia mkazo katika neno kusimama naye. Ushahidi ulikuwa wake, na ujasiri ulikuwa wake. Chama kilimpa mawakili na uti wa mgongo.

Kuna watakaoniambia: "Mwalimu, aliyekwenda nchi ya watu ana haki gani ya kulalamika? Si analipwa kwa pauni?" Wahenga wetu wamekwisha kulijibu swali hilo. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Wauguzi wetu walishikishwa jembe siku ya kwanza. Wanalipa kodi huko. Wanawageuza vitandani wazee wa huko, wanawaosha, na kuwashika mikono wanapokata roho. Mtu wa namna hiyo si mgeni anayekula bure. Na hawakwenda kwa kujipenyeza: Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, na wauguzi 19 wa kwanza waliondoka Juni 2022 kuelekea Oxford. Serikali iliyomkabidhi mtu kwa mkataba haiwezi kunawa mikono anapodhulumiwa.

Isitoshe, sisi Wakenya si wageni wa jambo hili. Nairobi Hospital tunayoiona leo ilifunguliwa mwaka 1954 ikiwa hospitali ya Wazungu. Katika utumishi wa serikali ya kikoloni, Mwafrika na Mhindi waliofanya kazi sawa na ya Mzungu walilipwa sehemu tatu kwa tano za mshahara wake. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliupa utaratibu huo baraka zake, na haukukataliwa rasmi hadi Tume ya Lidbury ya mwaka 1954.

Katika miaka hiyo, kijana mmoja aitwaye Tom Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kama mkaguzi wa afya. Baadaye alisimulia jinsi siku moja, akiwa peke yake ofisini, mwanamke wa Kizungu alivyoingia, akatazama huku na huku, na kuuliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Alimuuliza mama huyo iwapo macho yake yana kasoro. Jibu hilo lilikuwa kali, na wengi wetu hulikumbuka kwa kicheko. Tunalolisahau ni kwamba Mboya hakuishia kwenye jibu. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake Waafrika, na chama chao kikageuka kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa cha Kenya. Alitambua kwamba jibu la mtu mmoja humfurahisha aliyelitoa kwa siku moja, bali mshahara na heshima ya wote huhitaji watu wengi.

Kabla sijanyosha kidole ng'ambo, haki yanidai niangalie na nyumbani. Mpwa wangu alipoanza kazi hapa nchini, katika kaunti isiyo ya kabila lake, aliulizwa mara ngapi ametoka wapi? Ni wauguzi wangapi walioambiwa, ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, warudi kwao? Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi zipewe wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti. Je, ni nani anayezisoma hesabu hizo kila mwaka, hospitali kwa hospitali, kama wanavyosomewa Waingereza zao? Anayemhamisha muuguzi kwa sababu ya jina lake la ukoo na anayemhamisha kwa sababu ya ngozi yake ni ndugu wa baba mmoja.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu.

Kwanza, mafunzo ya kuwaandaa wauguzi wanaoondoka yasiishie kwenye Kiingereza na baridi ya Januari. Wafunzwe sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi wa rangi kazini. Waambiwe kwamba muda wa kufungua kesi ni mfupi: kwa miaka mingi umekuwa miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio litokee, na mwenye kuvumilia kwa mwaka mzima hujikuta amechelewa. Waonyeshwe jinsi ya kuandika daftari.

Pili, kila muuguzi ajiunge na chama katika juma lake la kwanza, si siku ya msiba. Chama chetu cha kitaifa cha wauguzi, ambacho kilidhihirisha uwezo wake wa kushikamana katika mgomo wa takriban miezi mitano mwaka 2017, kifanye mapatano na vyama vya Uingereza, ili mwanachama anayeondoka hapa apokelewe kule bila kukaa hata mwezi mmoja akiwa yatima.

Tatu, na hili nawaambia viongozi wa vyama vyote, hapa na kule: msiwasemee watu kiasi cha kuwanyamazisha. Ni rahisi kwa kiongozi kupanda jukwaani akanguruma kuhusu ubaguzi, na aliyebaguliwa akabaki nyuma akipiga makofi. Chama bora ni kile kinachovuta kiti, kinamkalisha mwenye jambo mbele ya wakubwa, kisha kinakaa karibu naye kuhakikisha hakatizwi.

Nitamalizia kwa neno la taaluma yangu. Ukichukua kitenzi ugua, ukakinyambulisha, unapata uguza. Kwa kanuni ya kawaida ya kauli ya kutendesha, kama lala na laza, kuuguza kungepaswa kuwa ni kumfanya mtu augue. Lakini waliotuachia lugha hii hawakulitumia hivyo. Kuuguza kwao ni kukaa na mgonjwa katika ugonjwa wake, kana kwamba unauchukua pamoja naye. Kubagua ni kinyume chake: ni kuweka kando, kutenga. Uuguzi na ubaguzi yanafanana mwishoni kwa masikio tu. Kwa maana hayajawahi kuwa jamaa. Mahali panapouguzwa watu hapafai kuwa mahali wanapotengwa wanaowauguza.

Mpwa wangu alipanda cheo mwaka jana. Siku hizi, wauguzi wapya wanapowasili hospitalini kwake kutoka Kenya, huwapokea stesheni, huwaonyesha duka wanapoweza kupata unga wa ugali, kisha huwapeleka kwa yule mama wa chama kabla hawajafungua masanduku. Juzi alinipigia simu akaniuliza kama ningali ninawafunza watu matamshi siku za Jumamosi.

Nilimjibu kuwa ndiyo. Ila nimeongeza somo moja. Sasa kila anayefika mezani kwangu humpa daftari.